Pini Isiyotaka Kutoka

Ndani ya giaboksi ya gari mna pini ambayo abiria haijui, dereva haiwazi, na fundi huiogopa. Urefu wake haupiti kiungo kimoja au viwili vya kidole, na unene wake ni kama wa penseli. Haizunguki, haina meno, wala haifanyi kazi yoyote ya kuonekana kwa macho. Kazi yake ni kukaa mahali pake. Walakini gia zikiharibika, na fundi akalazimika kuifungua giaboksi, mara nyingi pini hii ndiyo itakayompotezea nusu ya siku. Vyuma vikubwa vyote hutoka kwa spana, lakini hiki kidogo hakina kichwa cha kushikwa kwa spana wala mkia wa kuvutwa kwa koleo. Kimezama katika tundu lake kikawa sawasawa na chuma kinachokizunguka, na hakitoki ila kwa kupigwa. Tena akikipiga asiyejua, hukikaza zaidi.

Nataka kueleza pini hiyo ilitoka wapi, kwa nini ikaumbwa kuwa kaidi, na watu walijifunzaje kuitoa bila kuvunja kilicho karibu nayo. Ni historia ya kitu kidogo, lakini imepita katika mikono ya wahunzi, watengenezaji wa saa, waundaji wa baiskeli na waundaji wa magari kabla ya kufika katika gereji zetu.

Tuanze na shoka la kienyeji. Mhunzi wa zamani, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hakutengeneza shoka lenye tundu la kutilia mpini kama mashoka ya dukani. Alifua bapa la chuma, upande mmoja akaupanua ukawa makali, na upande wa pili akaufanya mwembamba kama mkia. Mpini wenyewe ulikuwa na kichwa kinene, na kichwani hapo palitobolewa tundu kwa chuma cha moto. Mkia wa shoka ukapenyezwa tunduni, basi. Hapana msumari, hapana gundi. Kila mara shoka lilipopiga mti, pigo liliusukuma mkia ndani zaidi, hata mkataji aliyefanya kazi tangu asubuhi alikuta jioni shoka lake limekaza kuliko lilivyokuwa alfajiri. Na mpini ulipovunjika, mwenye shoka hakuhangaika: aligeuza upande, akaugonga mkia kwenye ncha yake nyembamba, na chuma kikatoka.

Katika kifaa hicho mna elimu yote tutakayoihitaji. Kitu chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili kikiingizwa katika tundu, nguvu ya kazi yenyewe hukikaza. Nacho hutolewa kwa nguvu ndogo iwapo mtu anajua upande wa kupiga. Asiyejua upande huo atapiga mpaka kesho.

Huko pwani waundaji wa mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi katika Lamu na visiwa vya jirani, walitumia njia nyingine. Kati ya ubao na ubao walitia vijiti vya mti katika matundu ili mbao zisitelezeane. Mti ukilowa maji huvimba, na kijiti kilichovimba ndani ya tundu lake hukibana chombo bila kupigwa tena. Hii nayo tuiweke akilini. Kijiti cha mtepe hakikazwi na umbo lake la mchongoko, bali na tamaa yake ya kuwa kinene kuliko nafasi iliyopewa.

Wazungu waliotengeneza saa za minara na za mezani walifuata njia ya shoka. Mabamba mawili ya shaba ya saa yalishikwa pamoja na nguzo ndogo, na katika ncha ya kila nguzo ikapenyezwa pini ya mchongoko. Saa hutaka kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, na pini ya mchongoko ikigongwa kidogo kwenye ncha yake nyembamba hutoka mara moja. Zilipokuja mashine kubwa za viwandani katika karne ya 19, pini hiyo ilikua pamoja nazo, ikawa ndiyo ya kufungia magurudumu na mikono ya vyuma juu ya shafti. Mwishowe mchongoko wake ukawekewa kipimo maalumu. Kwa vipimo vya Kiingereza na Kimarekani unene hubadilika robo ya inchi katika kila futi, yaani sehemu 1 kwa 48. Kwa vipimo vya mita ni sehemu 1 kwa 50. Maana yake ni kwamba pini yenye urefu wa milimita 50 ina tofauti ya milimita 1 tu kati ya ncha zake mbili. Jicho la haraka haliioni tofauti hiyo, hasa ndani ya mafuta meusi, na hapo ndipo mafundi wengi walipopiga upande mnene wakidhani wanaitoa, kumbe wanaizamisha.

Mfano wa karibu zaidi ni kotapini ya baiskeli. Mikono ya pedali katika baiskeli za zamani, ambazo hata leo hazijaisha vijijini, hushikwa kwenye shafti ya katikati kwa pini ya mchongoko yenye nati mwishoni. Inapolegea, pedali hucheza na kulia kwa kila mzunguko. Fundi wa baiskeli aliyefundwa vizuri huifungua nati, huuegemeza mkono wa pedali juu ya jiwe au kipande kizito cha chuma, kisha hupiga pigo moja la haki. Fundi asiye na subira huipiga pini ikiwa hewani. Basi baiskeli nzima huruka, pigo humezwa na mipira ya beringi na mpira wa magurudumu, na kotapini yenyewe hubaki palepale, ila ncha yake imevimba kama uyoga na haiwezi tena kupita katika tundu. Mambo mawili huharibika kwa pigo moja. Msomaji akikumbuka picha hiyo, mengi nitakayosema juu ya giaboksi yatamwia mepesi.

Sasa tuje kwenye gari. Injini ya petroli ina tabia moja mbaya: haina nguvu ikizunguka polepole. Farasi aliyesimama huweza kuanza kuvuta mzigo kwa nguvu zake zote, lakini injini iliyosimama haina nguvu hata kidogo. Kwa hiyo waundaji wa magari walilazimika kutia kati ya injini na magurudumu chombo cha kubadilishia mwendo, ili injini izunguke upesi huku gari likienda taratibu. Mikanda ya ngozi ilijaribiwa, ikateleza mvuani na kukatika milimani. Mwaka 1891 Émile Levassor wa kampuni ya Panhard et Levassor, mjini Paris, aliunda gari ambalo mpango wake ulikuja kuigwa na karibu ulimwengu mzima: injini mbele, kisha klachi, kisha magurudumu ya meno ya ukubwa mbalimbali yaliyotelezeshwa juu ya shafti mpaka meno ya moja yashike meno ya jingine. Kulikuwa na kelele, na meno yalisagana. Lakini gari lilikwenda. Mwezi wa Juni 1895 Levassor mwenyewe aliendesha gari kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, umbali wa kilomita 1,178, kwa muda wa saa 48 na dakika 48, akiwa wa kwanza kufika. Mwaka uliofuata aliumia katika ajali ya mashindano, na mwaka 1897 akafa.

Louis Renault aliongeza jambo lake mwaka 1898, kijana wa miaka 21: katika gia ya juu nguvu ilipita moja kwa moja bila kupitia meno ya pembeni, kelele na upotevu vikapungua. Kwa habari yetu, hata hivyo, mtu mkubwa zaidi ni Mjerumani Wilhelm Maybach. Katika magari yaliyotangulia, mkono wa gia ulikwenda katika mstari mmoja tu. Dereva aliyekuwa gia ya nne na kutaka ya kwanza ilimlazimu kupita ya tatu na ya pili, kila moja ikilia njiani. Katika gari la Mercedes la mwaka 1901, Maybach aliuwekea mkono wa gia lango lenye njia kadhaa. Dereva aliusukuma mkono kando akachagua njia, kisha akausukuma mbele au nyuma. Kila dereva wa gia za mkono duniani hufanya vivyo hivyo hata leo, bila kumjua aliyembunia.

Mpango huo ulitaka vyuma vipya ndani ya sanduku. Badala ya ufito mmoja wa kusukuma gia, sasa palikuwa na fito mbili au tatu zilizolala sambamba, na kila ufito ulichukua uma wake. Uma huo ni chuma chenye vidole viwili vinavyokumbatia gia kama mkono unavyokumbatia shingo ya mtungi. Mkono wa gia huusogeza ufito, ufito huuchukua uma, nao uma huisukuma gia. Sasa msomaji ajiulize: uma unashikwa na nini juu ya ufito? Ukiteleza milimita tatu tu, meno ya gia hayatashikana kwa upana wake wote. Yatashikana ncha kwa ncha, gia itaruka nje gari likiwa mlimani, na baada ya siku chache ncha za meno zitakuwa zimeviringika kama meno ya mzee. Ukilegea kabisa, dereva atausogeza mkono wa gia huku na huku na gari lisijali.

Hapo ndipo pini ilipopata makao yake. Waundaji wengine walitumia skrubu yenye ncha kali, wakaifunga kwa waya isifunguke kwa mtikisiko. Wengine walitumia pini ya mchongoko. Zote mbili zilifanya kazi, na giaboksi nyingi za malori ya kale zilikuwa nazo. Lakini pini ya mchongoko ina gharama yake. Tundu lake haliwezi kutobolewa kwa keekee peke yake. Sharti baada ya hapo lichongwe kwa chombo maalumu mpaka lifuate mchongoko wa pini ile ile, na uma utobolewe pamoja na ufito wake ukiwa umefungwa mahali pake. Ni kazi ya mkono uliozoea. Kiwanda kinachotoa magari mengi kila siku hakipendi kazi ya mkono uliozoea.

Katikati ya karne ya 20 dawa ya neno hili ilikuwa imepatikana, nayo ni kile kijiti cha mtepe kilichozaliwa upya katika chuma. Mtu huchukua utepe wa chuma cha kamani, huuviringisha mpaka uwe kama mwanzi mfupi, lakini haukutanishi. Huacha ufa kutoka ncha hadi ncha. Kisha mwanzi huo hupashwa moto, huchovywa, na hupashwa tena kidogo ili uwe mgumu bila kuwa mwepesi kuvunjika. Pini ya aina hii iliyokusudiwa tundu la milimita 6 haina unene wa milimita 6. Ikiwa huru mkononi ina kati ya milimita 6.4 na 6.7. Ncha zake zimepunguzwa kidogo ili ziweze kuanza kuingia, na inapopigwa ufa hujibana na pini hukubali kuwa nyembamba. Lakini haisahau unene wake. Tangu siku hiyo, usiku na mchana, husukuma kuta za tundu pande zote kama mtu mzima aliyevishwa kanzu ya mtoto. Haihitaji nati wala waya. Tundu la kawaida la keekee latosha. Na udogo wake usimdanganye mtu: pini nzito ya milimita 6 ya chuma hicho, ikikatwa mahali pawili kwa pamoja, huhimili nguvu sawa na uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu.

Huko Marekani kampuni ya Elastic Stop Nut Corporation iliiuza kwa alama ya Rollpin, na jina la alama likawa jina la kitu, ndiyo maana mafundi wetu pia husema rolpini. Wafaransa nao huiita Mécanindus, kwa jina la kibiashara vilevile. Mwaka 1948 ilitokea ndugu yake katika jimbo la Connecticut, pini iliyoviringishwa mara mbili na zaidi kama mkeka uliokunjwa, ambayo huvumilia mishtuko vizuri kuliko ile yenye ufa mmoja. Bei ya zote ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya chochote zinachokishika.

Naona ni haki kusema kwamba waliochagua pini hii walifikiri kiwanda zaidi kuliko gereji. Kiwandani uma ni mpya, ufito ni mpya, tundu ni safi, na mashine huisukuma pini ndani kwa nukta moja. Miaka 20 baadaye mtu mwingine kabisa, katika nchi nyingine, akiwa amelala chali juu ya gunia chini ya gari, hutakiwa kuitoa kwa nyundo. Pini haijabadilika nia yake. Iliumbwa isitoke, nayo inatii.

Ukaidi wake huongezwa na mambo matatu. La kwanza ni kutu. Pini iliyo ndani ya mafuta huweza kukaa safi miaka mingi, lakini iliyo nje, katika viungo vya mkono wa gia au shafti za magurudumu, hupata maji na matope, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoka, ikaujaza ufa na kuigundisha pini kwenye kuta. La pili ni mikono iliyotangulia. Fundi aliyekuja kwanza na msumari au na bisibisi kuukuu ameivimbisha ncha ya pini au kuizamisha kando, na sasa anayefuata anarithi kosa lisilo lake. La tatu ni mahali. Katika giaboksi nyingi pini haiwezi kutoka mpaka ufito usogezwe kwenye gia fulani, ili tundu lielekee uwazi au kizibo kilicho ukutani mwa sanduku. Asiyesogeza ufito huipiga pini mpaka igonge ukuta wa alumini upande wa pili, na anayeendelea kupiga hapo hupata ufa katika sanduku zima. Nimeona mambo haya ya tatu yakisababisha hasara kubwa kuliko ya kwanza na ya pili pamoja, kwa kuwa kutu huonekana, bali ukuta uliojificha hauonekani.

Fundi anayeijua kazi huanza kwa kutazama, na kutazama kwaweza kumchukua muda mrefu kuliko kupiga. Hutafuta pini imeingia kutoka upande gani na itatokea wapi. Huingiza waya mwembamba katika shimo la pini, kwa kuwa pini hii ina uwazi katikati, akapima kama njia ya upande wa pili ni wazi. Waya huo pia humwambia kama ndani ya pini hii mna nyingine ndogo. Maana waundaji wengine, kwa mfano Renault katika shafti za magurudumu ya mbele, walitia pini mbili, moja ndani ya mwenzake, ili kuongeza nguvu. Asiyejua huitoa ndogo, akashangilia, kisha akashangaa uma au shafti haitoki. Kama pana kutu, hutia mafuta mepesi ya kupenya akaenda kufanya kazi nyingine, hata kesho yake ikibidi. Mafuta hayana haraka.

Kisha huchagua punchi. Hapa ndipo fundi na mharibifu huachana njia. Msumari ni laini, hupinda. Bisibisi ni pana upande mmoja, hupasua ncha ya pini. Punchi ya mchongoko huingia katika uwazi wa pini ikaupanua, na pini iliyopanuliwa hushika kuta kwa nguvu mpya. Huu ni upuuzi ule ule wa kupiga shoka upande wa makali. Itakiwayo ni punchi iliyonyooka, yenye unene pungufu kidogo tu kuliko tundu, isikwame na isiteleze. Iliyo bora kabisa ina chuchu ndogo katikati ya uso wake, ambayo huingia katika uwazi wa pini, huku mabega ya punchi yakikalia ukingo wa chuma. Tena fundi huwa na mbili: fupi na nene ya kuanzia, ambayo haipindi, na ndefu ya kumalizia pini ikishasogea.

Kabla ya pigo la kwanza huweka chuma kizito nyuma ya uma, au huubana ufito katika jiriwa kama umekwisha kutoka sandukuni. Sababu ni ile ile ya kotapini. Pigo ni kitu kinachosafiri. Lisipokuta mahali pa kusimama hupita katika ufito, likaenda kwenye beringi likaacha alama katika njia ya mipira yake, au likauvunja uma wenyewe, ambao mara nyingi ni wa shaba, alumini au chuma cha kusubu, vitu visivyopenda kupindwa. Hayo yakiisha, hupiga mara moja kwa nyundo yenye uzito, kwa mkono ulionyooka. Vipigo vidogo vidogo vingi, ambavyo mwanafunzi huviona kuwa ni upole, huivimbisha ncha tu. Pini ikikubali, mlio hubadilika. Kwanza nyundo hulia kwa sauti kali kama inayopiga fuawe, kisha ghafula sauti huwa nzito na fupi. Mafundi wazee husikiliza mlio huo kuliko wanavyotazama.

Na ikikataa? Moto unaweza kusaidia, kwa kuwa chuma kilichoizunguka pini hutanuka, na pini yenyewe ikipata moto mwingi hupoteza ukamani wake. Lakini alumini haitoi onyo. Chuma huwa chekundu kabla ya kuharibika. Alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660 za sentigredi bila kuonyesha wekundu wowote, na aliyekuwa na uma hubaki na tone. Keekee ya kawaida nayo haifai kitu. Pini ni ngumu kuliko chuma kilichoishika, kwa hiyo ncha ya keekee huteleza kando ikala kuta za tundu, na tundu lililokwisha kuliwa halitaishika pini mpya hata siku moja. Kwa wengi wetu jibu la mwisho ni kurudi nyuma: mafuta tena, subira tena, punchi nyingine iliyonolewa ikawa bapa, na mtu wa pili wa kushika chuma kizito.

Kwa nini mambo haya yatuhusu sisi? Kwa sababu barabara zetu zimekula giaboksi nyingi. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari yalipata sifa duniani kwa kuvunja magari. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404. Katika miaka iliyofuata timu kubwa za mashindano zilikuja na mafundi waliobadilisha giaboksi nzima kando ya barabara na kuitupa ile mbovu garini. Lakini barabara zile zile zilipitwa kila siku na magari yasiyo na giaboksi ya pili. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafirishaji, na Peugeot za kubebea mizigo zikajaa watu. Nyuma yao ikaja Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na baadaye kuunganishwa hapa Kenya. Mwenye gari la namna hiyo hakuweza kuagiza giaboksi mpya kila gia iliporuka. Aliyemwokoa ni fundi wa chini ya mti, aliyefungua sanduku juu ya gunia, akatoa uma uliolika, akatafuta mwingine katika gari lililokufa, akaurudisha. Baadhi yao hawakusoma kitabu chochote cha kiwanda. Walijua kwa kurithishana, fundi kwa mwanafunzi wake, kwamba pini ya aina hii hupigwa hivi wala si vile. Na punchi zao walizifua wenyewe kwa vipande vya chuma kigumu vilivyotupwa.

Elimu hiyo ina adui mpya, naye si kutu. Katika baadhi ya giaboksi za miaka ya karibuni uma na ufito vimechomelewa pamoja, au huuzwa kama kitu kimoja kisichofunguliwa, na gari likiharibika fundi huagiza kipande kizima. Kiwanda kina sababu zake: kazi hupungua, na hapana pini ya kulegea. Mimi naona tumenyang'anywa kitu. Pini kaidi, hata kama imepoteza nusu ya siku, ilikuwa bado inakubali kwamba siku moja mtu atataka kuitoa; chuma kilichochomelewa hakikubali. Tofauti hiyo mwenye gari huilipa kwa fedha.

Pini za namna hii, walakini, bado ziko nyingi. Katika Subaru nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hata sasa zinaonekana katika miji yetu, shafti za magurudumu ya mbele zilishikwa kwenye giaboksi kwa pini moja kila upande, mahali palipo wazi kwa matope. Pini ya zamani ikitoka haifai kurudishwa, kwa kuwa imekwisha kubanwa na haina tena unene wake wa asili, hutiwa mpya. Na hapo pana mtego wa mwisho. Kikombe cha shafti huweza kuingia juu ya meno kwa njia mbili, lakini matundu hulingana kwa njia moja tu. Kwa ile nyingine hukaribiana sana, hata mtu mwenye haraka akadhani nyundo itamaliza tofauti. Fundi mwangalifu hukigeuza kikombe nusu mduara, huinama, akatazama kama mwanga unapita katika tundu kutoka upande wa pili ukiwa mviringo kamili. Akiuona, huipaka pini mafuta, ndipo huanza kuigonga.